Mama Mkasi na Swali la Kumi na Moja

Neno likiwa refu, Mama Mkasi alilikata. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa karani wa masjala, chumba cha mafaili nyuma ya maabara ya hospitali, chenye dirisha moja la kupokelea kadi na jingine ambalo halijafunguka tangu siku lilipopakwa rangi. Miaka ishirini na saba alikaa humo, penseli sikioni. Faili likija na jina la ugonjwa refu kama treni ya mizigo, alilichora vistari viwili vitatu, neno likaachana viungo: hiki ni sehemu ya mwili, hiki ni kinachoisumbua, hiki ni walichoifanya. Wenzake wakamwita Mama Mkasi na jina likamganda, hata watu wa utawala wakitaka jina lake la kwenye cheti walilazimika kuuliza.

Kazi hiyo hakufundishwa darasani. Karani aliyemtangulia, mzee mmoja mkali aliyevaa koti hata kwenye joto la kutoa jasho mezani, alimwambia siku ya kwanza: "Usikariri maneno, utakufa hujayamaliza. Jifunze vipande." Akamwachia daftari lenye vipande kama sitini. Nefro ni figo. Hepato ni ini. Gastro ni tumbo. Itis ukiiona mwishoni, jua kitu kimevimba na kinauma. Megali ni kuwa kikubwa kupita kiasi. Haipa ni kuzidi, haipo ni kupungua, na ole wake karani atakayezichanganya. Kwa vipande hivyo aliweza kusoma ukuta mzima wa rafu bila kumsumbua mtu. Nefritis, figo zimevimba. Hepatomegali, ini limekuwa kubwa. Siku za mwanzo alifurahi kama mtoto aliyeanza kujua kusoma majina ya maduka, akawa anayakata maneno hata akiwa njiani kurudi nyumbani.

Furaha hiyo ilikwisha zamani. Magoti yalichoshwa na ngazi ya rafu za juu, kifua kilichoshwa na vumbi, na masikio yalichoshwa na watu waliopoteza kadi na kuapa kwamba walimkabidhi yeye mwenyewe. Na elimu yake, badala ya kumpumzisha, ilimwongezea kazi. Mtaa mzima ulijua kwamba mama yule anasoma maandishi ya madaktari. Jumamosi asubuhi hajaosha hata uso, mtu yuko mlangoni na bahasha. Alikuwa na sheria yake moja: atamwambia mtu walichoandika, hatamwambia kitakachofuata. "Mimi karani," alikuwa akisema. "Ya mbele kawaulize wenye makoti meupe." Mtu anaitikia kwa adabu kabisa, anakunja karatasi yake, halafu anauliza, "Sasa, mama, nitapona?"

Alikuwa amebakiza wiki sita astaafu, na kuna neno moja lililomkaa kooni kwa miezi mitano. Maana yake aliijua vizuri sana. Lakini yeye alimfundisha mwenye neno hilo maana ya uongo, tena kwa makusudi, na mwenye neno alikuwa mkaza mwana wake mwenyewe.

Mwanawe, fundi wa friji, alikuwa ameoa miaka minne nyuma. Yeye na mkewe walikaa vyumba viwili vya uani, mama akakaa vya mbele, na katikati kulikuwa na kamba ya nguo na bomba la maji lililodondoka mchana kutwa. Mkwe huyo alikuwa na ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Alimwita mama mkwe wake "Mama" tu, bila kuongeza kitu, na Mama Mkasi, ambaye hakujaliwa binti, alilipenda neno hilo kuliko alivyokubali kusema. Miaka minne bila mtoto, na hakuna mtu pale nyumbani aliyemsema. Mwenyewe alijisema inatosha.

Kisha mwezi mmoja akachelewa siku zake, akaficha, akafurahi peke yake, na kabla hajamwambia mtu akaanguka bafuni akiwa ameshika tumbo. Wakamkimbiza hospitali. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Fundi akatia sahihi fomu ya ridhaa huku mikono ikinuka gesi ya friji, kwa sababu alitolewa kazini vilevile alivyokuwa. Mkewe akapona, akaambiwa mimba imeharibika na wameitoa, apumzike miezi mitatu. Basi.

Pale masjala kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Faili la ndugu yako likija mezani, unalilaza kifudifudi na kulisukuma kwa mwenzako, naye anakushughulikia bila kusema neno. Mama Mkasi aliifuata desturi hiyo miaka yote. Mume wake alipougua na kufariki, faili lake lilipita mezani mara tisa, na mara tisa alilisukuma. Lakini la mkwe lilipokuja, wiki moja baada ya upasuaji, mwenzake alikuwa dirishani anabishana na mtu. Alililaza kifudifudi kama ipasavyo. Halafu akaligeuza. Hadi leo hana sababu ya kukupa. Alikuwa amechoka, na aliyechoka wakati mwingine hufanya jambo kwa kuwa tu mkono umeshafika.

Neno lilikuwa katikati ya ukurasa, kwa wino wa bluu. Hakuhitaji penseli. Bi ni mbili, au pande zote mbili. Salpingo ni mirija ya uzazi. Ektomi ni kukata kitu na kukitoa. Chini yake daktari aliandika kwamba mrija wa pili ulikuwa umeoza kwa ugonjwa wa zamani, usingeweza kuachwa, na kwamba mume ameelezwa. Mama Mkasi alilifunga faili, akaenda chooni, akafungua bomba, akakaa humo mpaka mwenzake akaja kubisha hodi.

Jioni alimvizia mwanawe kwenye bomba la uani.

"Umeelezwa," alimwambia. Hakuuliza.

Fundi aliendelea kuosha mikono, ingawa ilishatakata. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Basi unajua." Alikausha mikono kwenye suruali. "Mama, mwache apone kwanza. Kidonda hakijakauka. Nikimwambia sasa hivi nitamuua. Nipe muda kidogo, nitamwambia mwenyewe."

Lilikuwa ombi la haki. Habari ya mke ni ya mume kuitoa, na mama mkwe anayetangulia mdomo huwa amejitafutia balaa. Akakubali. Kidonda kikakauka. Fundi akasema tumwache apate nguvu. Nguvu zikarudi. Fundi akasema wiki hii ana kazi nyingi, tena mke mwenyewe sasa anacheka, utamkatizaje mtu kicheko? Mama akamsubiri mwana, mwana akaisubiri siku njema, na mwenye habari yake akawa anasubiri mtoto. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Mama Mkasi. Kila mwezi mkwe alitoka duka la dawa na kile kipimo cha kijiti, akajifungia bafuni, na kila mwezi kijiti kilitupwa pipani kimefungwa karatasi mara tatu, kana kwamba kuna asiyejua ni nini. Mama Mkasi aliyekuwa akimwaga pipa alikiona. Alijiona mchawi.

Nafasi yake masjala ikatangazwa. Fundi ndiye aliyesema mkewe aombe, na wazo halikuwa baya: msichana ana mwandiko mzuri, hana uvivu, na kukaa nyumbani kunamfanya ahesabu siku. Mama Mkasi akasema atamfundisha. Walikaa barazani saa kumi na moja jioni, akitoka kazini, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, daftari la yule mzee wa koti mapajani. Mkwe alikuwa mwepesi kupita alivyotegemea. Siku ya kwanza vipande kumi na tano, siku ya pili ishirini, na tayari anamtania mumewe mezani: "Wewe una haipafagia," akimaanisha kwamba anakula kupita kiasi. Mama Mkasi alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Hakuwa amecheka hivyo tangu kabla ya faili.

Siku ya tatu mkwe alikuja na kadi yake ya kutoka wodini.

"Mama, tukate na hili langu."

"La nini hilo? Tumia yaliyomo daftarini."

"La kwangu sitalisahau." Akachukua penseli, akachora vistari mwenyewe, sawasawa, mahali panapotakiwa. "Bi ni mbili. Hii hapa katikati?"

"Mirija. Ile ya uzazi."

"Kwa hiyo waliishika yote miwili." Hakushtuka. "Na hii ya mwisho? Ektomi?"

Fundi alikuwa uani anafungua mgongo wa friji ya mtu. Mama Mkasi alimtazama. Fundi alisikia, kwa sababu bisibisi ilisimama. Hakuinua kichwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata pale zilikuwa mbili, kila moja inaogopa kuguswa na maji.

"Kufungua," alisema Mama Mkasi. "Wanafungua, wanasafisha, wanashona."

"Kumbe walinisafisha," mkwe akasema, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo Mama Mkasi hatakuja kuisahau. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: ektomi, kufungua na kusafisha. Bisibisi ikaanza tena kuzunguka.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukishaianza ina matawi. Kila neno lenye mwisho ule sasa lilibidi lisafishwe. Tonsilektomi, mafindofindo yamesafishwa. Apendektomi, kidole tumbo kimesafishwa. Hapo mkwe akakunja uso.

"Lakini yule kinyozi wa pale kona walimtoa kidole tumbo kabisa. Na kadi yake uliisoma wewe."

"Kinyozi anatia chumvi."

"Alisema walimwonyesha kwenye sahani, Mama."

"Kinyozi ataona nini naye amelala? Endelea na linalofuata."

Akaendelea. Lakini tangu siku ile somo likawa zito. Mama Mkasi alikuwa na kitu kimoja maishani alichokifanya kwa usahihi, na hakukiharibu hata kwa wanaomuudhi dirishani. Sasa alikuwa anakaa na mtoto anayempenda na kumpa vipande vibovu. Usiku wake ulikuwa mfupi na mchana wake mrefu. Kazini alianza kusahau alichopandia ngazi, akashuka mikono mitupu, akapanda tena.

Mtihani ukapangwa Alhamisi. Mkuu wa masjala, bwana mmoja mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na maswali ishirini aliyoyatunga mwaka aliopandishwa cheo na hakuyabadilisha tena. Yalikuwa siri ambayo hata wafagizi waliijua. Na kati ya hayo ishirini lilikuwapo moja ambalo halikuwa na msamaha. "Mengine ukikosa utafundishwa," Mkuu alikuwa akiwaambia waombaji wote. "La kumi na moja ukikosa, rudi nyumbani." Swali la kumi na moja lilisema: Eleza maana ya ektomi na utoe mfano mmoja.

Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma karani mmoja aliweka mafaili ya waliotolewa viungo pamoja na ya waliopasuliwa tu, faili la mtu mmoja likapotelea huko, na mpasuaji akamfungua mtu huyo kutafuta kitu kilichokwisha kutolewa zamani. Mtu alipona, lakini Mkuu alisimamishwa mbele ya meza ndefu akajieleza, na tangu hapo alitenga rafu nzima yenye kufuli. Karani asiyejua neno lile alikuwa, kwake, hatari kuliko panya.

Jumatatu Mama Mkasi alimkabili mwanawe tena, safari hii chumbani kwake, mlango umefungwa.

"Mwambie. Alhamisi ataulizwa neno lile, na nilichomfundisha ni uongo."

"Nikimwambia sasa, mtihani ataufanyaje?"

"Asipoambiwa ataufanyaje?"

Fundi alikaa kitandani kwa mama yake kama alivyokuwa akikaa utotoni, magoti pamoja. "Mama, kila siku naamka nasema leo. Nikimwona anaimba, neno linarudi tumboni. Mimi naweza kufungua friji yoyote ukaniletea. Hili siwezi."

"Na mimi je?"

Mama Mkasi alitaka kumkasirikia, lakini hasira nayo inataka nguvu. Alimwona tu kijana wake amekonda shingo, akakumbuka kwamba naye amepoteza watoto wale wale ambao hawajazaliwa, na hakuna aliyemwambia pole. Hata mama yake hakumwambia. Akamwambia pale pale, imechelewa miezi mitano: "Pole, baba." Fundi akainama, mabega yakamtikisika, lakini kitu alichoombwa hakukiahidi.

Jumanne mkwe alikuwa na wageni. Jumatano alikuwa anapiga pasi nguo za mtihani na kuimba. Mama Mkasi alikuja hadi mlangoni, akasema, "Mwanangu," na mkwe akageuka na uso ule mwepesi, na Mama Mkasi akasikia mdomo wake unauliza kama pasi imepata moto vizuri. Akarudi chumbani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Huu ulikuwa wa mwenzake, na haukuwa wa usufi.

Alhamisi waliondoka nyumbani pamoja. Saa mbili na nusu asubuhi walikuwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya masjala, nusu saa kabla ya mtihani. Mbele yao wagonjwa walipanga foleni ya maabara, kila mmoja na kikopo chake mkononi, macho yakitazama pengine. Mkwe alikuwa na daftari mapajani na anajiuliza mwenyewe kwa sauti ndogo, kidole kikishuka ukurasa.

"Osteo, mfupa. Neuro, neva. Ektomi, kufungua na kusafisha."

"Siyo," alisema Mama Mkasi.

Kidole kilisimama.

"Hilo nilikufundisha vibaya. Otomi ndiyo kufungua. Ektomi ni kukata na kutoa." Alisema akiitazama foleni. Alijua kwamba akimtazama hatamaliza. "Kinyozi hakutia chumvi. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mkwe alichukua penseli, akafuta maandishi ya zamani polepole, akapuliza vumbi la ufutio, akaandika mapya juu yake. Kisha akarudisha kurasa nyuma hadi pale alipolichora neno la kadi yake, na penseli ikapita kwenye kipande cha kwanza, ikapita cha pili, ikafika cha tatu, ikakaa.

"Na bi ni mbili," alisema. "Hiyo ulinifundisha sawa?"

"Hiyo sawa."

"Kwa hiyo yote miwili."

"Yote miwili, mwanangu."

Mtu wa foleni aliangusha kikopo kitupu, kikabingirika hadi miguuni kwao. Mkwe akakiokota na kumrudishia, na yule mtu akashukuru mara mbili.

"Yeye anajua?" aliuliza.

"Ndiye aliyetia sahihi. Usingeishi. Ameshindwa kukwambia, na mimi nimeshindwa." Mama Mkasi alikuwa na maneno mengine, aliyaandaa usiku kucha: kwamba ziko njia nyingine za kupata mtoto siku hizi, za wenye nacho, kwamba watoto wa kulea ni watoto, kwamba walimwonea huruma. Yote yakamkauka. "Nisamehe" ndilo lililotoka, nalo lilitoka dogo.

"Miezi mitano," mkwe akasema. "Vile vijiti nilikuwa nakunja kwenye karatasi ili usione. Nilidhani vitakuumiza."

Mlango wa masjala ukafunguka. Mkuu akatoa kichwa, miwani imemshuka puani, akaita aliyepangiwa saa tatu. Mama Mkasi alishika mkono wa mkwe. "Twende nyumbani. Nitamwambia unaumwa, atakupangia siku nyingine."

Mkwe alitoa mkono wake, si kwa nguvu. Alimwekea daftari mapajani, akanyoosha sketi aliyoipiga pasi jana, akaingia. Mlango ukafungwa.

Mama Mkasi aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, akakaa kwenye meza yake, akafungua dirisha la kadi. Watu walikuja. Mmoja amepoteza kadi na anaapa. Mwingine ametumwa na wodi na hajui ametumwa nini. Alipanda ngazi, akashuka, akagonga mihuri. Kati ya rafu aliona kisogo cha mkwe, kimeinama kwenye meza ndogo ya pembeni. Kilikuwa kimetulia. Alitamani kilie. Angalau angejua la kufanya. Kumbembeleza mtu anayelia alikuwa anaweza.

Saa nne kasoro, kiti kilisukumwa. Mkwe alimkabidhi Mkuu karatasi, akashukuru, akatoka kwa mlango wa mbele. Mama Mkasi aliacha mtu dirishani akakimbilia kwenye korido, lakini foleni ya maabara ilikuwa imejaa hadi ukutani, na alipofika mwisho wake sketi ile haikuonekana tena. Hakujua kama ameelekea nyumbani kwa mumewe, au kwa mama yake mzazi, au kutembea tu. Akarudi kwenye mafaili. Mwenzake alikuwa likizo, hakukuwa na mtu wa kumshikia dirisha.

Ilipokaribia saa sita Mkuu alimwita mezani kwake. Alikuwa amefurahi, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi na halikuukaa vizuri uso wake.

"Umemfundisha sawasawa huyu mkweo. Nimesahihisha mara mbili nikidhani nimekosea. Kumi na tisa amepata yote, hata haipo na haipa zinazowashinda wengi." Aligeuza karatasi. "Shida ni hili la kumi na moja."

Mama Mkasi alishika ukingo wa meza.

"Maana amepata," Mkuu akasema. "Kukata na kutoa, ameandika vizuri kabisa. Mfano ndio umenishinda. Wengine huandika kidole tumbo, mafindofindo, wengine jino, nawahurumia. Huyu ameandika kitu sikielewi, na hakuwa na haraka, muda ulibaki. Nimempa nusu. Sasa nusu kwenye swali hili sijui niifanyeje, maana unajua msimamo wangu."

Akamsukumia karatasi. Ilikuwa safi, haina mfuto hata mmoja. Mstari wa juu: Ektomi ni kukata kitu na kukitoa. Mstari wa chini: Mfano, mimi.

Mkuu alivua miwani akaifuta kwa shati, akisubiri. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake; alitaka kweli kuelewa.

"Mpe alama yote," Mama Mkasi alisema. "Mfano ni sahihi."